Mzee Aliyeonja Mstari

Ukimpa shikamoo, alikujibu marahaba huku anatazama miguu yako. Uso wako angeutazama baadaye, nafasi ikipatikana. Alitaka kujua umevaa nini na umetokea upande gani, maana kama umevaa viatu vya njumu na umekatiza katikati ya uwanja, hiyo marahaba ndiyo ilikuwa neno lako jema la mwisho siku hiyo. Mimi alinifokea kabla hata hajajua naitwa nani. Nilishuka kwenye lori na vumbi la siku mbili mwilini, kiu imenikaba koo, nikaona mtungi wa maji ng'ambo ya uwanja, nikaukata uwanja moja kwa moja kuufuata. Mara sauti nyuma yangu: "Wewe! Wewe wa kaptula! Kwenu mtu akienda kunywa maji anapita juu ya kitanda cha mwenzake?"

Nikageuka. Mzee mfupi, kifua kipana, kofia ya kazini imefifia rangi, kamba ya ngozi ya ng'ombe imezungushwa begani. Ndiye huyo. Kambi nzima ilimwita Mwenye Uwanja, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake alilopewa na wazazi nalijua, na jina la kambi nalijua, lakini siyataji, na mbele ya safari utaona kwa nini.

Wakati huo, miaka ya hamsini, nilikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha kuchambulia pamba pale Shinyanga. Mzaramo mimi, nilikuja bara kutafuta kazi, nikapata kazi na mpira juu yake. Timu yetu ya kinu haikuwa kwenye ligi yoyote ile. Hakuna mkubwa aliyetupangia ratiba wala aliyetuahidi kikombe. Tulicheza kwa barua. Katibu wetu anaandika, katibu wao anajibu, mwezi unakatika, halafu Ijumaa moja kabla msimu wa pamba haujaanza tunapanda nyuma ya lori, kumi na watano na ngoma moja, tunapita Kahama tukiimba, tunalala Ushirombo sauti zimekauka, na Jumamosi mchana tunaingia kambini, kwenye mgodi mdogo wa dhahabu njia ya kwendea Geita. Jumapili tunacheza. Jumatatu tuko njiani, na Jumanne tunaomba radhi kazini. Nilikwenda hivyo mara sita nikiwa mchezaji, na mara ya saba kwa kazi nyingine nitakayoisema.

Kambi ile walikuwa na utaratibu wao wa kupokea wageni ambao sijauona mahali pengine. Mgeni analala kwa mwenzake wa namba ile ile. Golikipa wetu kwa golikipa wao, winga kwa winga, beki kwa beki. Mnakula sahani moja Jumamosi, Jumapili mnapigana mateke, jioni mnapakana mafuta ya kuchua. Mimi nilikuwa hafu beki, na hafu beki wao alikaa kwenye chumba kimoja na watu wanne, hapakuwa na pa kujibanza. Mwenye Uwanja akasema, "Hafu beki nitamchukua mimi. Huyo anakanyaga uwanja wote, ni mtu wangu." Nikalala kwake mwaka ule na miaka yote iliyofuata.

Nyumba yake ilitazama uwanja. Mlango, dirisha, hata jiko la mkewe, vyote vilielekea kwenye goli la kaskazini. Mkewe, Mama Kabula, alikuwa mwanamke mrefu mcheshi, na kwa kuwa Mzaramo na Msukuma ni watani, hatukupoteza muda kwenye adabu. "Mzaramo umekuja tena? Nazi zimekwisha kwenu, sasa mnafuata michembe yetu?" Namjibu nimekuja kuona kama mwaka huu wamekwisha kujifunza kuoga. Anacheka, ananijazia bakuli. Michembe ile, viazi vitamu vilivyokaushwa vikachemshwa tena na karanga, ilikuwa tamu ajabu, na Jumapili mchana aliniongezea mara tatu bila kuombwa. "Kula mwanangu, upate mbio." Ilinichukua miaka miwili kugundua kwamba wachezaji wa kwao mchana ule walikuwa wanakunywa uji tu.

"Huyu mume wangu," alizoea kusema, mumewe akiwa hapo hapo anasikia, "angeruhusiwa angeoa uwanja. Mimi alinioa kwa sababu uwanja haupiki."

Mzee hakukanusha. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alizunguka uwanja kwa miguu mitupu, akikanyagakanyaga kutafuta mawe yaliyochomoza. Aliupima kwa ile kamba ya ngozi, yenye mafundo, na kwa kuwa ngozi ikilowa hurefuka, mwaka mmoja mvua ilinyesha usiku wa kuamkia mechi na uwanja ukaongezeka hatua kama saba hivi. Tulikimbia siku ile mpaka tukataka kulia. Nilipomwambia, akatazama kamba, akatazama mawingu, akasema mvua ni ya Mungu na yeye si mtu wa kumsahihisha.

Ila jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote, hakuwahi kupiga mpira. Hata mara moja! Mpira ukitoka nje ukamfuata, aliuinamia, akauokota kwa mikono miwili kama anapokea mtoto kwa mkunga, akamkabidhi mrushaji. Nilimchokoza siku moja, nikauweka mguuni pake nikamwambia, "Mzee, teke moja tu, hakuna anayeona." Akarudi nyuma. "Nikiupiga," akasema, "nitautaka uende upande fulani. Na mimi nashika kibendera."

Hapo ndipo ulipokuwa moyo wake. Kila timu ilitoa mshika kibendera mmoja, na wa kwao alikuwa yeye, miaka nenda miaka rudi, na hakuna mgeni aliyewahi kumlalamikia. Hiyo heshima hata refa hakuwa nayo. Refa wetu alikuwa mwalimu wa shule kutoka Ushirombo, mtu wa filimbi nyingi na miguu michache, na kila palipotokea utata alimtazama mzee. Mzee akinyoosha kibendera, yamekwisha. Aliwahi kukataa goli la timu yake dakika ya mwisho kwamba mfungaji ameotea, na timu nzima ikakaa wiki bila kumsalimia. Akaniambia wiki ile alilala usingizi mzuri sana.

Sasa nikueleze habari ya ng'ombe.

Mistari ya uwanja aliichora kwa chokaa ya stoo ya mgodi. Mwaka mmoja akaja mtunza stoo mpya, mkono wa birika, akasema chokaa ni ya majengo, si ya kuchezea. Mzee hakubishana. Alikwenda na mkokoteni mpaka mbugani, kule maji yanakokauka na kuacha udongo mweupe juu, akarudi na udongo huo magunia manne, akachora mistari ambayo mfano wake hatujauona maishani. Meupe! Jumamosi jioni wote tulitoka nje kuitazama. Alitembea kando yake, mikono nyuma, hata chakula akasahau.

Ule udongo ulikuwa wa magadi. Mtoto yeyote wa Kisukuma anajua ng'ombe anavyopenda magadi, na mzee huyu alichunga mpaka ndevu zikamwota. Lakini weupe ulimlevya. Jumapili mchana kundi moja likawa linapelekwa majini, likapita karibu, ng'ombe wa mbele akanusa. Tulipotoka kula tuliwakuta wamejipanga mstari mmoja ulionyooka, vichwa chini, ndimi zinafanya kazi, wanalamba uwanja kutoka kona mpaka kona. Eneo la penati lilikuwa limekwisha liwa. Wachungaji wanacheka mpaka wamekaa chini. Na mzee yule aliyekuwa akifokea mafundi, makarani, hata padre aliyepita na baiskeli, kwa ng'ombe hakuweza kuinua hata kijiti. Aliwazunguka akiwabembeleza kwa Kisukuma, mmoja mmoja, akiwaomba waondoke, na mmoja akamlamba na yeye mkono.

Mechi ilichezwa hivyo hivyo. Kipindi cha pili, hatujafungana, senta fowadi wetu akaachia shuti la chini, golikipa wao akalirukia na kulilalia pale ambapo mstari wa goli ulipaswa kuwepo. Wavu hakuna. Mstari hakuna. Sisi tunashangilia goli, wao wanashangilia golikipa. Refa anaufikia mzozo akihema, anamtafuta mzee kwa macho.

Mzee akaja polepole. Akamwambia golikipa, "Usiinue mpira. Usiusogeze hata ukucha." Golikipa huyu, nisisahau kusema, alikuwa mkwewe, mume wa binti yake Kabula. Mzee akaweka kibendera chini, akapiga magoti, akagusa ardhi kwa kidole, akaweka kidole ulimini. Akasogea kidogo, akaonja tena, akatema. Akasogea nyuma ya mpira, akaonja, akatulia kama mpishi anayepima chumvi ya mchuzi. Kisha akasimama, akapangusa magoti.

"Magadi yako hapa," akasema, akichora kwa kidole mbele ya mpira. "Huku hakuna kitu. Mpira mzima umelala ndani. Goli."

Tuliwafunga moja bila, kwa ulimi wa mzee wao. Jioni mkwewe alikuja kula, wakakaa wamenuniana, na Mama Kabula akaweka ugali katikati akauliza kama kuna mtu anataka kuonja kwanza.

Lakini unadhani aliutoa wapi ule ulimi na lile jicho? Kazi yake mgodini ilikuwa kupima. Mawe yakiletwa kutoka kwenye mtaro, yeye ndiye aliyeyatwanga kwa mchi wa chuma, akayaosha kwenye karai, akilizungusha maji yatoke na mchanga mwepesi, mpaka unabaki mchanga mweusi chini. Kama kuna dhahabu, inajitokeza ukingoni mwa ule mweusi, uzi mwembamba wa njano. Waliuita mkia. Mkia mrefu, watu wanachimba. Hakuna mkia, wanahama. Bwana mkubwa wa mgodi, Mzungu mmoja mkimya mwenye kiko, alikuwa na mizani na madawa ya kupimia ndani ya ofisi, lakini neno la mzee lilikuja kabla ya mizani, na mara nyingi mizani haikusumbuliwa. "Mzee akisema hakuna, hakuna," alisema bwana mkubwa kwa Kiswahili chake kifupi.

Na sasa ndiyo tunafika penyewe. Uwanja ule haukuwa wa mzee kamwe, wala wa timu. Ulikuwa ndani ya ardhi ya mgodi. Waliruhusiwa kucheza kwa sababu hakuna aliyekuwa amepata haja ya kuuchimba. Na kila mwaka nilipokwenda niliona mitaro imesogea. Mwaka wa kwanza ilikuwa kule kilimani. Mwaka wa pili imeshuka. Mwaka wa tatu ilikuwa imevuka barabara. Mzee hakuizungumza, ila nilimwona akiipima kwa macho tukiwa tumekaa mlangoni, kama mtu anayetazama moto wa nyika unakuja upande wa shamba lake.

Mwaka wa nne tulipofika, lori halijazima injini, nikaona mtaro hatua tano nyuma ya goli la kaskazini. Kambi nzima imesimama nje. Hakuna ngoma, hakuna utani. Hafu beki mwenzangu akaniambia bwana mkubwa ameagiza uwanja wenyewe upimwe leo leo, pale katikati, kwa kuwa mwamba unaonekana kuelekea huko. Ukipatikana mkia, Jumatatu vibarua wataanza kuchimba kutoka goli hadi goli. Mechi ya kesho itakuwa ya mwisho.

Bwana mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, nje ya mstari, na hilo mzee alilishukuru. Sisi na kambi yote tulisimama kuzunguka uwanja, na nakuapia hakuna mguu uliovuka. Mzee aliingia peke yake na jembe. Hapo katikati alikata majani kwanza kwa kisu, akayainua na mizizi yake, akayaweka kando vizuri ili ayarudishe. Akachimba kwenda chini mpaka kiuno. Akatoka na mawe kwenye ndoo. Akayatwanga. Jua lilikuwa kali na mlio wa ule mchi sitausahau. Halafu akachuchumaa kwenye pipa la maji, akatugeuzia mgongo, akaanza kuzungusha karai.

Alizungusha kwa muda mrefu. Mama Kabula alikuwa kando yangu, amenishika mkono bila kujua ni mkono wa nani. Kisha mzee akasimama.

"Hakuna, bwana."

"Hakuna kabisa?"

"Mchanga mweusi tu."

Bwana mkubwa akaguna, akagonga kiko chake kwenye kiatu, akakunja kiti. Yamekwisha. Ee bwana wee! Vigelegele vilivyopigwa pale! Mama Kabula aliniachia mkono akaruka kama msichana. Golikipa alimbeba refa, sijui kwa nini refa. Tulicheza ngoma kwenye vumbi, wenyeji na wageni, na mimi Mzaramo nikajaribu kucheza Kisukuma wakanicheka mpaka machozi. Mzee hakuwamo. Alikuwa pale katikati anafukia shimo, anarudisha majani yake, anayashindilia kwa viganja. Jioni hakula. Mkewe akamuuliza, akasema tumbo.

Kesho yake, timu zimekwisha jipanga, refa akamletea kibendera. Mzee akakisukuma.

"Leo sifai," akasema. "Mpeni mwingine. Macho yamechoka."

Akapewa fundi seremala wa kambi, aliyekuwa anakipunga kila mara mpira unapomkaribia kwa kuogopa tu. Tulitoka mbili mbili, na la pili nilifunga mimi, kwa kichwa, ijapokuwa wapo wanaosema lilinigonga sikioni. Mzee alitazama mechi amekaa mlangoni kwake.

Na hakukishika tena. Mwaka uliofuata, sifai. Mwaka wa pili yake, sifai. Watu walisikitika wakasema uzee ndio huo, jicho lililokuwa linaona unywele limekwisha. Mimi roho iliniuma kiasi kwamba nilimnunulia miwani kwenye duka moja pale Shinyanga, fremu nyeusi, nikamfungia kwenye kitambaa. Aliipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, Mzaramo, wabeja sana." Akaivaa ili nifurahi, akapiga hatua mbili, akajikwaa kwenye ndoo ya mkewe akamwaga maji yote. Mama Kabula akasema nimnunulie na yeye kwanza miwani, aone ni mume gani huyu aliyemwoa. Tukacheka sana. Mzee akaivua, akaiweka sandukuni, na nilipokuwa naondoka nilimwona akiokota msumari kwenye majani, hatua kumi kutoka aliposimama. Nikajisemea, bahati.

Mara ya saba nilikwenda goti langu limekwisha. Timu ilikuwa na vijana wapya, na mimi wakanipa kazi ya kushika kibendera upande wetu, kazi ya wazee, nikanuna kidogo nikakubali. Huo ulikuwa mwisho mwisho wa miaka ya hamsini. Mgodi ulikuwa umefungwa. Mwamba wa kilimani ulikwisha, mitaro mingine haikutoa kitu, bwana mkubwa akauza mashine akaenda zake. Nyumba nyingi za kambi zilikuwa hazina mapaa. Wengi wa wachezaji niliokula nao sahani moja walikuwa wametawanyika, na barua ya kutualika safari hii iliandikwa na mwalimu wa kijiji cha jirani, kwa kuwa timu sasa ilikuwa ya wakulima wa pamba, wanakuja kwa miguu Jumapili, jembe begani.

Lakini uwanja, jamani! Majani yamekatwa, mistari imenyooka. Nilimkuta mzee ameinama kwenye kona, anang'oa magugu kwa vidole, ndevu nyeupe. Nikazunguka kwa nje, nikamwamkia. Marahaba. Akaniuliza habari za Shinyanga, za goti, za watoto. Nikamuuliza Mama Kabula.

"Yuko kwa binti yetu, kule Songwa. Mkwe amepata kazi kule kwenye almasi. Wamehama wote na watoto." Akang'oa gugu jingine. "Mjukuu wangu wa kwanza alijifunza kutembea hapa. Wa pili sijamwona."

Nikamwambia pole mzee, ndiyo mambo ya migodi, dhahabu ikiisha watu wanahama, utafanyaje.

Akaacha kung'oa. Akatazama katikati ya uwanja, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayenitajia bei ya mtama: "Haijaisha. Iko pale."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaniambia yote. Siku ile mkia ulitokea kwenye karai mpaka ukazunguka nusu ya ukingo, hajawahi kuona mrefu kama ule tangu aanze kazi. Aliutazama. Akalisukasuka karai kinyume, mchanga mweusi ukaufunika. "Bwana alikuwa pale, hatua thelathini. Angeinuka tu akaja, angeuona. Hakuinuka, maana alikuwa ananiamini."

"Kwa hiyo macho yako..."

"Macho yangu mazima. Nilikuwa nimedanganya. Ningeshikaje kibendera?"

Nilikumbuka miwani nikaona aibu na kicheko kwa pamoja. Na ndiyo sababu kambi siitaji, maana watu wa dhahabu wana masikio marefu, na mimi sitaki kusikia kwamba umati umekwenda na majembe kwa ajili ya maneno yangu.

"Mke wangu hajui," akasema. "Mkwe hajui. Ningesema kweli, mgodi usingefungwa, wangekuwa hapa wote. Nalala nawaza hivyo. Halafu nawaza, wangekuwa hapa wapi? Hapa pangekuwa shimo." Akafuta mikono kwenye suruali. "Kuna siku jibu moja linanitosha, kuna siku la pili. Sasa wewe, Mzaramo. Umekula kwangu miaka mingi. Karai lingekuwa mkononi mwako, ungesema nini?"

Vijana walikuwa wanaingia uwanjani, wa kwetu na wa kwao, wanapasha miguu, wanarushiana maneno. Mmoja alikuwa anacheka akiwa amesimama pale pale katikati. Mama mmoja alikuwa amefika na watoto watatu na mkeka. Nilitaka kufikiri vizuri kwa sababu mzee alikuwa ameuliza kwa moyo wote, lakini jibu lilikuwa limekwisha nitoka mdomoni.

"Ningesema hakuna."

Akainuka. Nikadhani atanikumbatia. Akanyoosha mkono.

"Lete kibendera."

"Cha nini?"

"Lete."

Nikampa. Akamwita dereva wetu aliyekuwa amelala kivulini chini ya lori, akamkabidhi, akamwonyesha upande wa kusimama. Nikapaza sauti, nikamwambia hii ni dhuluma, mimi sijamdanganya mtu, nimesema tu kwamba ningedanganya.

"Inatosha," akasema.

Akaenda akakaa kwenye gogo lake, nje ya mstari, akasogea kunipa nafasi. Nikaenda nikakaa. Refa akapuliza filimbi, dereva akaanza kukimbia na kibendera changu akiwa hajui hata timu ipi inashambulia wapi, na sisi waongo wawili tukatazama mpira bega kwa bega mpaka ukaisha.